Aliyekupa wewe kiti ndiye…

Wiki moja baada ya arobaini ya mwanangu nilitoka jioni kununua bagia za mia tano kwa jirani anayekaanga pale kona, nikafungiwa kwenye karatasi kama kawaida, nikarudi nazo nyumbani nikakaa barazani, nikala ya kwanza, nikala ya pili, ya tatu ndo nikaona mwandiko wa marehemu mwanangu. Ile "g" yenye mkia mrefu unaorudi nyuma kama ndoano. Karatasi imeshalowa mafuta mpaka unaona upande wa pili, lakini maneno yanasomeka vizuri kabisa: Hasidi hana sababu. Rangi Tatu–Kariakoo. Coaster. 14/3/2017, asubuhi, tumekaa siti ya nyuma.

Nilirudi pale kona pekupeku. Jirani akashtuka, akadhani bagia zina kitu, nikamwonyesha ile karatasi nikamuuliza shoga hizi umezitoa wapi, akasema kaletewa na watoto kutoka kwetu, siku ile watu walipokuwa wanasafisha chumba. Alipoelewa ni za nani aliepua karai mafuta yanachemka, tukapiga magoti wote wawili kwenye boksi lake tukaanza kuchambua moja moja. Tulipata karatasi 31. Zilizobaki zilishaondoka na bagia za watu, na mpaka leo nikipita mtaani nikiona karatasi imekunjamana ina mafuta naiokota, nageuza, naangalia.

Simlaumu ndugu aliyezitoa. Aliona makaratasi ya zamani yana vumbi, na mwenyewe mwenye nyumba nimejifunika khanga siongei na mtu, sasa angemuuliza nani. Lakini siku ile ndo nilijua nisipoinuka mimi hivi vitu vitaisha kimyakimya hivihivi na hakuna atakayejua kama viliwahi kuwepo.

Ngoja nianze mwanzo maana wengi mnaonisoma hapa mlinijua nikiwa nauza khanga tu.

Mwanangu nilikuwa namwita Baba kwa sababu alirithi jina la marehemu baba yangu, na kwetu huwezi kumwita mtoto jina la mzee wako ukamfokea nalo. Kazaliwa 1998. Alipofika miezi minane vidole vilivimba, vya mikono na vya miguu, vimejaa kama soseji, analia usiku kucha, na mtaani kila mtu ana lake, wengine meno, wengine jicho la mtu. Tulizunguka sana kabla ya kupimwa damu ikaonekana ni sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi na baba yake wote tulikuwa tumebeba bila kujua, wazima wa afya, na watu wawili wa hivyo wakikutana kila mimba ina nafasi moja kati ya nne mtoto kutoka na ugonjwa. Kipimo ni damu kidogo tu. Hapa Tanzania inakadiriwa kila mwaka wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye sikoseli, na mimi nilikuwa sijawahi hata kulisikia hilo neno. Mtu mmoja mzima na akili zake aliniambia usijichoshe sana na huyu, hawafiki miaka 18. Aliniambia nimempakata.

Basi maisha yetu yakawa ya kliniki. Kutoka Mbagala Rangi Tatu mpaka Kariakoo, halafu tunaunganisha mpaka Muhimbili, na wanaoijua Kilwa Road asubuhi wanajua hiyo safari ni ya saa ngapi. Pale Zakhem foleni, Mtoni kwa Azizi Ali foleni, Uhasibu foleni tena na malori ya bandarini. Mtoto wa sikoseli hatakiwi kubanwa, hatakiwi kukaa na kiu, hatakiwi kupigwa baridi, kwahiyo mimi nilikuwa nafika kituoni alfajiri nipate siti ya dirishani, nimembeba, chupa ya maji mkononi, sweta hata kama jua linawaka. Na akiumwa njiani sina cha kumpa zaidi ya maneno. Namwambia angalia gari lile, angalia lile kule, limeandikwa nini.

Hivyo ndo alivyojua kusoma. Sio shule. Shule ilikuja baadae, na shule yenyewe ilikuwa inamchapa kwa utoro siku alizokuwa amelazwa, sitaki kuongelea hiyo. Alijua kusoma kwenye migongo ya daladala. Alikuwa na miaka mitano, tumesimama kwenye foleni, mbele yetu kuna kipanya, akaweka kidole kwenye kioo akaanza, tu, ta, fi, ka. Akageuka akaniuliza, "Mama, tutafika wapi?" Konda alicheka mpaka akagonga bodi kwa kiganja, akamwambia tutafika Kariakoo bosi wangu. Mimi nilikuwa nalia maana usiku wote ule alikuwa analalamika kifua na goti na sikutegemea kama asubuhi yake atakuwa na nguvu ya kusoma kitu.

Alivyokua akawa anashinda na mimi dukani, nina fremu ndogo Kariakoo upande wa Mtaa wa Uhuru, khanga na vitenge. Siku moja mteja anachagua khanga anasoma majina, hii hapana nitagombana na wifi yangu, hii nipe, na Baba amekaa kwenye marobota anasikiliza. Mteja alipoondoka akaniambia mama mimi nimegundua kitu, daladala ni khanga. Nikamuuliza kivipi. Akasema khanga ina pindo, ina mji, ina jina, si ndio? Ule mstari wa rangi unaozunguka gari, kila njia na rangi zake, hilo ndo pindo. Mji ni watu waliokaa ndani. Na jina liko nyuma. Alikuwa na miaka kumi. Mimi nimeuza khanga tangu nikiwa msichana na hicho kitu sikuwahi kukiona, na toka siku hiyo siwezi kuangalia daladala nikaona gari tu.

Wiki hiyohiyo alinunua kaunta buku ya kwanza, kwa hela yake ya maandazi.

Aliacha kaunta buku tisa. Ndani hakuna hadithi, hakuna mashairi, ni maneno ya magari tu na bajaji na bodaboda na matoroli ya Kariakoo. Kila neno kwenye mstari wake, njia ya gari, aina ya gari, tarehe, na mara nyingine kitu kimoja alichokiona, kama "dereva kavaa kanzu" au "konda ana kilio leo". Nani kama mama kaiandika mara 41, nimezihesabu, kila akiiona anaiandika upya na tarehe yake, haandiki kwamba ipo tayari. Kuna Dua la kuku halimpati mwewe, kuna Riziki haivutwi kwa kamba, kuna Hata hili litapita. Hiyo Riziki kaiandika "Rizki aivutwi" kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye gari, nikamwambia Baba rekebisha hapo, akakataa kabisa, akasema mwenye gari lake ndo kaandika hivyo, mimi ni nani.

Alikuwa na sheria. Haandiki alichosimuliwa. Haandiki alichokisia. Gari likiondoka hajamaliza kusoma anaweka nukta tatu na anaacha nafasi.

Mnayakumbuka mabomu ya Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la kambi ya jeshi lilivyolipuka na watu zaidi ya 20 wakafa, nyumba zimechanika, watoto wamepotea kwa siku kadhaa. Baba alikuwa na miaka 11. Mimi nimemfunga mdogo wake mgongoni, natafuta kitambulisho natafuta hela, vioo vinadondoka, namvuta mkono namwambia twende twende, yeye anarudi ndani. Nilimpiga kofi. Kofi la kwanza na la mwisho kumpiga. Akatoka na daftari kifuani amelikumbatia tukakimbia na watu wote wale kuelekea barabarani, na yeye hatakiwi kukimbia, usiku ule akashikwa na maumivu makali ambayo sijapata kuyaona. Na daftari yuko nalo chini ya mto.

Kwenye daftari la pili kuna ukurasa wa siku tatu baadae. Kaandika, "Magari machache leo. Hakuna jipya."

Mwendokasi ilipoanza 2016 kule Morogoro Road na daladala zikaondolewa kwenye ile barabara, watu wote tulikuwa tunafurahia, yeye akanunua daftari jipya akaenda Kimara na Ubungo siku za mwisho mwisho kuandika yale magari kabla hayajahamishiwa njia nyingine. Aliniambia mabasi haya ni mazuri mama lakini hayasemi kitu. Ilivyokuja kuanza kujengwa na ya Kilwa Road huku kwetu akawa anatoka kila siku anayopata nafuu. Mimi namgombeza apumzike. Alikuwa anameza haidroksiyurea na vidonge vyake vya foliki vizuri, hajakosa, miaka ile ya mwisho alikuwa na hali nzuri kuliko utoto wake wote, alivuka 18, akavuka 20, nikaanza kujiachia kidogo, nikaanza hata kumuuliza mambo ya mchumba.

Mwezi wa saba 2022, kipupwe, sikoseli ikamshika kifua. Siku tatu. Madaktari walifanya walichoweza, walimwekea oksijeni, walimwongezea damu. Alikuwa na miaka 24. Hapo sitaandika zaidi.

Simu yake ninayo. Ina picha za magari, alikuwa ananionyesha, ni nyingi sana, lakini ina namba ya siri na hakuniachia. Niliipeleka kwa fundi Kariakoo, kijana mstaarabu, akaniambia mama naweza kuifungua lakini mpaka niiflashi, na nikiiflashi kila kitu kinafutika. Nikaichukua. Kila Ijumaa naichaji. Na ile laini naiwekea vocha ya mia tano naipiga kwa simu yangu, naipokea, naitumia kidogo ili isije ikafungwa kwa kukaa bure, najua kwamba sio utaratibu na iko kwa jina lake lakini ndo hivyo. Binti yangu anasema ipo siku atatokea mtu wa kuifungua bila kufuta. Mimi nasubiri huyo mtu.

Sasa hizi daftari.

Baada ya ile siku ya bagia nilizipanga zote kitandani kwake nikazisoma kwa mara ya kwanza kutoka mwanzo mpaka mwisho, usiku kwa usiku, na nikagundua kuna sehemu 17 zenye nukta tatu. Maneno 17 ambayo gari liliondoka kabla hajamaliza. Na la mwisho kabisa, kaunta buku ya tisa, mstari wa mwisho alioandika, siku sita kabla hajalazwa: Aliyekupa wewe kiti ndiye… Rangi Tatu. Coaster. Jioni, jua machoni.

Nikasema basi. Hizi 17 nitazimaliza mimi.

Nilianza kwa kutaka kudanganya, nakiri. Lile la kwanza lilikuwa Mdharau mwiba… na mimi nikasema hili nani asiyelijua, mguu huota tende, nikachukua kalamu kabisa. Nikaikumbuka ile Rizki aivutwi. Nikaweka kalamu chini. Nilikuwa na njia ya gari na mwaka, nikaanza kukaa kituoni Jumatano na Jumamosi kabla sijaenda dukani, naangalia migongo ya magari, watu wanadhani nimechanganyikiwa, na kuna konda mmoja akawa ananiletea kigoda. Mwezi wa nne ndo nikaliona, Coaster limechakaa, maandishi ya brashi ya zamani: Mdharau mwiba hajatembea peku. Nilisimama pale kituoni nimeshika mdomo. Kumbe ningeandika mguu huota tende ningekuwa nimemfuta huyo aliyeandika, na mwanangu alijua hilo tangu akiwa mtoto na mimi mama mtu mzima ndo najifunza leo. Niliandika kwa kalamu nyekundu, ili ijulikane ni mkono wangu sio wake, na tarehe yangu.

Mpaka sasa nimefunga nne. Zimebaki 13.

Hiyo ya kiti ndo inanisumbua. Bibi mmoja jirani, mtu wa pwani haswa, aliniambia mwanangu hiyo ni methali ya zamani, aliyekupa wewe kiti ndiye aliyenipa mimi kumbi, yani lile ganda la nazi lenye nyuzi. Konda wangu wa kigoda akasema hapana mama, hiyo kwenye magari ni aliyenipa mimi usukani. Mwingine akasema siti. Mwingine akasema kimya tu, yani ndiye aliyenipa mimi kimya, sijui kaitoa wapi lakini nilirudi nayo nyumbani ikanikalia kifuani wiki nzima. Nikaenda mpaka Tandika kwa mzee mmoja anayeandika magari kwa brashi, wamebaki wachache sana saivi, wengi wanabandika stika. Nikamuonyesha daftari. Alivaa miwani, akalifunua taratibu, akawa anasoma anacheka peke yake, hili la kwangu, hili la kwangu, hili la yule marehemu wa Buguruni. Alikaa nalo kama saa nzima, wateja wanamsubiri. Nikamuuliza hiyo ya kiti. Akasema ameiandika kwenye magari zaidi ya matano na hakumbuki kila moja iliishaje, maana maneno ya mwanzo watu wanajua, neno la mwisho mteja ndo anakuja nalo.

Wakati naondoka akaniuliza huyo kijana alikuwa anasomea nini. Nikamwambia alikuwa anaenda kliniki. Akanyamaza, halafu akaniomba aandike kitu kwenye jalada la daftari la tisa, nikamkubalia, akachukua brashi nyembamba akaandika jina la mwanangu kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi, vile wanavyoandika kwenye magari. Ilibidi nikae pale mpaka ikauke. Nilikaa mpaka magharibi.

Vile vingine ninavyofanya ni vidogo. Binti yangu anachapa daftari moja moja kwenye kompyuta, amefika la tatu, nimemkataza kurekebisha tahajia. Tutatoa nakala, moja nataka nikaiombee nafasi Maktaba Kuu pale Bibi Titi, alikuwa anapenda kukaa kule kwenye feni siku za joto. Zile karatasi 31 za bagia nimezitia kila moja kwenye nailoni na sijajaribu kuondoa mafuta. Na siku za kliniki nikipata nafasi naenda na madaftari madogo na kalamu, nawagawia watoto wa sikoseli wanaosubiri na mama zao, nawaambia mkirudi nyumbani angalieni magari mniandikie. Mwezi uliopita mtoto wa kike wa miaka saba akanirudishia ukurasa mmoja, maneno matano, na kwenye la nne kaweka nukta tatu. Mimi sikumfundisha hizo nukta. Nilimuuliza, akasema gari liliondoka.

Kuna watu wananiambia, kwa upendo najua, mama fulani mwachie Mungu, kazi ya Mola haina makosa, mpumzishe mtoto na wewe upumzike. Nawasikia. Nimemwachia Mungu, kwenye kila swala namwachia. Lakini miaka 24 kazi yangu ilikuwa kuamka alfajiri kumtafutia siti ya dirishani aone nje, na mwili wangu haujui kuamka kwa sababu nyingine.

Kama unaishi Mbagala au unapita Kilwa Road na umewahi kuliona hilo gari, Coaster, mwaka 2022, Aliyekupa wewe kiti ndiye, usiniandikie linaishaje. Niambie tu liko njia gani saivi, nitalifuata mwenyewe. Kesho ni Jumatano. Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa Rangi Tatu, muda huo magari yanatoka kuoshwa na mgongo wote unasomeka.